Mpira wa maji unaorefuka: kwa nini wa jirani unafika getini na wako haufiki

*"Shikamoo fundi. Niliagiza mtandaoni mpira wa maji ule unaorefuka, niliouona kwenye video ukiwa fungu dogo mkononi, kisha maji yakifunguliwa unatambaa wenyewe hadi mwisho wa uwanja. Kwenye boksi pameandikwa mita 30, kwamba hurefuka mara tatu, haujisokoti na haupasuki. Kwangu, nikiufunga kwenye koki na kufungulia maji, kutoka mita kama 10 unafika 12 hivi, basi, na maji yanatoka kwa unyonge. Jirani yangu mwenye kisima anao kama huu huu na wake unafika hadi getini. Mimi natumia tangi la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa mita 3, kwa sababu maji ya bomba hapa kwetu Dodoma yanakuja kwa mgawo. Muuzaji anasema nilionunua ni daraja la pili, niongeze pesa anipe wa brasi wenye tabaka nne. Mume wangu anasema ni utapeli mtupu, tungenunua mpira wa kawaida. Fundi wa mtaani anasema tununue tangi kubwa zaidi ili presha iongezeke. Mimi niliutaka mpira huu kwa sababu mgongo wangu hauniruhusu kuburuta kitu kizito. Je, nimetapeliwa, au kuna kitu nakosea? Na huo wa brasi ninunue?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa mgongo. Nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi. Kwa maelezo uliyonipa, mpira wako pengine ni mzima kabisa, ila maji ya tangi lako hayana nguvu ya kuurefusha. Huo wa brasi utafanya vivyo hivyo, kwa hiyo usiongeze hata shilingi moja. Tangi kubwa zaidi nalo halitabadilisha chochote cha maana. Mumeo ana haki nusu: tangazo halikudanganya moja kwa moja kuhusu urefu wa mpira, lakini lilinyamazia sharti ambalo lisipokuwepo kila kilichoandikwa kwenye boksi kinaanguka, na kwa mtu aliyekwisha kutoa pesa, kunyamaza kwa namna hiyo hakutofautiani sana na uongo.

Kabla hujaniamini, fanya jaribio ambalo halitakugharimu kitu. Chukua mpira wako huo huo, na kile kichwa chake cha kunyunyizia, uende nao kwa jirani mwenye kisima, uufunge kwenye koki yake. Ukirefuka hadi getini, umejua kwamba hitilafu haimo ndani ya mpira. Ukigoma hata huko, basi una mpira mbovu na una haki ya kuurudisha bila mjadala. Kama jirani hayupo, subiri siku ya mgawo, uufunge kwenye koki iliyo karibu na mita ya kupimia maji, ile inayopata maji ya mamlaka moja kwa moja kabla hayajapanda tangini, ikiwa unayo. Siku ambayo maji yanakuja kwa nguvu utaona tofauti.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukishakielewa hutahitaji kumwuliza muuzaji yeyote tena. Mpira wa aina hii umeundwa kwa vitu viwili. Ndani kuna mrija mwembamba wa lateksi, yaani mpira wa asili utokanao na utomvu wa mti, au wakati mwingine wa plastiki inayonyumbuka. Nje kuna kitambaa cha poliesta au nailoni, kirefu kuliko mrija mara mbili hadi tatu, kilichosukumwa na kujikusanya mikunjo juu yake. Viwili hivyo havikugundishwa pamoja popote isipokuwa kwenye ncha mbili. Ukipasua mmoja uliokwisha kufa utaona jambo hili waziwazi: kitambaa kinateleza huru juu ya mrija, na mrija wenyewe ni laini kiasi kwamba ukiubana kwa vidole viwili kuta zake zinagusana bila shida. Kitambaa hakirefuki hata kidogo. Kinachorefuka ni mrija, nao hurefuka pale tu maji yanapousukuma kutoka ndani, ukatanuka kwa unene na kwa urefu hadi kitambaa kiishiwe mikunjo na kuuzuia. Zile mita 30 za kwenye boksi ni urefu wa kitambaa kikiwa kimenyooka kabisa. Mrija usipopata msukumo wa kutosha, kitambaa hakinyooki, na mita hizo hubaki zimekunjamana pale kwenye koki.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mtu hudhani kwamba ukiwa na robo ya presha inayotakiwa, mpira utarefuka robo ya safari. Mpira wa lateksi hauendi hivyo. Ukipuliza puto, unajua kwamba pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Mashavu yanauma, puto halisogei, kisha ghafla linakubali na pumzi zinazofuata ni rahisi. Mrija huu una tabia hiyo hiyo. Upo msukumo wa chini ambao usipofikiwa mrija unavimba kidogo tu na kusimama, na ukishavukwa unatanuka kwa haraka hadi mwisho. Ndiyo maana wewe umepata mita 2 za nyongeza badala ya 20, na jirani yako akapata zote. Wewe hujafika kwenye mlango; yeye ameupita.

Ni presha kiasi gani basi? Mipira mingi ya aina hii inahitaji takriban baa 3 (baa ni kipimo cha presha) ili irefuke ipasavyo, na baadhi hutosheka na kidogo pungufu ya hapo. Ukitaka kujua wewe una kiasi gani, huhitaji kununua geji, kwa sababu maji yanayoshuka kutoka tangini hupata presha yake kutokana na kimo peke yake: kila mita 10 za kimo, kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi usawa wa koki, hutoa karibu baa 1. Mnara wako una mita 3. Koki ya bustani kwa kawaida iko nusu mita juu ya ardhi. Tangi la lita 2,000 likijaa lina kina cha maji cha mita 1 na nusu hivi. Kwa hiyo kutoka uso wa maji hadi kokini una takriban mita 4, sawa na baa 0.4, tena hapo ni tangi likiwa limejaa. Likikaribia kwisha unabaki na mita 2 na nusu, yaani robo ya baa. Wewe una chini ya moja ya saba ya presha ambayo mpira ule uliundwa kuipokea. Ili kuipata kwa mnara peke yake ungehitaji kulipandisha tangi mita 30 juu, ambacho ni kimo cha jengo la ghorofa kumi.

Utaona pia kwamba katika hesabu hiyo lita hazikuingia popote. Hili ndilo kosa la fundi wako wa mtaani, na si yeye peke yake, kwani ni imani iliyoenea sana, hata miongoni mwa watu wanaofunga matangi kila siku. Tangi la lita 5,000 na la lita 1,000 yakiwekwa kwenye mnara mmoja, maji yakiwa usawa mmoja, hutoa presha ile ile kwenye koki. Ujazo unakuambia maji yatadumu siku ngapi, haukuambii yatasukuma kwa nguvu gani. Tangi kubwa huwa refu kidogo, kwa hiyo ungeongeza labda nusu mita ya kimo, ambayo ni sawa na baa 0.05. Kwa gharama ya tangi jipya, hiyo si biashara.

Jirani yako hakununua mpira bora kuliko wako. Yeye ana pampu. Wenye visima wengi huyasukuma maji kwa pampu inayowaka yenyewe koki ikifunguliwa, na pampu ndogo ya nyumbani hutoa kwa urahisi presha ambayo mnara wako hauwezi kuikaribia. Na mtu aliyetengeneza tangazo naye alikuwa na maji ya namna hiyo. Mipira hii ni bidhaa ya Marekani kwa asili: Michael Berardi wa Florida alipewa hataza yake, yaani hati ya kulinda ubunifu, Oktoba 2012, na kesi ya kugombea ubunifu huo ilidumu miaka kumi hivi hadi mwaka 2023, mahakama ya rufaa ilipothibitisha kwamba Gary Ragner naye alistahili kutajwa kuwa mbunifu mwenza, hasa kwa hicho kitu cha mrija na kitambaa kushikana kwenye ncha tu. Ninalitaja hili kwa sababu moja. Katika nyumba za kule, maji ya mji hufika kwenye koki yakiwa na presha ya kati ya baa 3 na baa 5 kwa kawaida, na ikizidi baa 5 na nusu kanuni zao za mabomba hutaka kifungwe kifaa cha kuipunguza. Aliyebuni mpira huu hakuwa na sababu ya kufikiria tangi lililo juu ya mnara wa mita 3. Aliyeuleta kuuza Dodoma alikuwa nayo.

Kuna jambo dogo la matumizi ambalo huenda nawe unalikosea, ingawa peke yake halitakuokoa. Presha hujengeka ndani ya mpira pale tu mwisho wake unapozuiwa. Ukiutumia bila kichwa cha kunyunyizia, mdomo ukiwa wazi, maji hutoka bila kuacha msukumo wowote nyuma yake, na hata kwa jirani yako mpira ungenywea na kurudi mfupi. Ndiyo maana huuzwa pamoja na kichwa chake, na ndiyo maana katika video utaona kwamba kichwa kimefungwa wakati mpira unatambaa. Kwako, kukifunga kutapandisha presha ya ndani hadi zile baa 0.4 na si zaidi. Kuubana mdomo kwa kidole gumba nako ni hivyo hivyo: maji hutoka kwa kasi kwa sababu tundu limekuwa dogo, lakini kidole hakiwezi kutengeneza presha ambayo tangi halina.

Tuje kwenye maneno ya boksi. Kwamba haujisokoti, hilo kwa kiasi kikubwa ni kweli, mradi umejaa maji kwa presha yake. Ukiwa nusu kama wako, hujikunja na kujifunga kama mwingine wowote. Kwamba hujirudi wenyewe, ni kweli pia, lakini baada ya kufunga koki na kuacha kichwa wazi hadi maji yaishe. Ukiufungia maji ndani, utakaa umevimba hapo uwanjani. Kwamba hurefuka mara tatu, umekwisha kuona sharti lake. Kwamba haupasuki, hilo naliita uongo bila kusita, kwa sababu kupasuka ndiyo namna ambayo karibu yote hufikia mwisho wake.

Mara nyingi hupasukia karibu na koki, sentimita chache kutoka kwenye kishikizo, kile kipande cha kwenye ncha kinachofungwa kokini, mahali ambapo mrija umebanwa na hauwezi kutanuka sawasawa na sehemu nyingine. Ukivuta kitambaa nyuma unakuta mpasuko mwembamba unaofuata urefu wa mrija, na pembeni yake lateksi imegeuka rangi, imekuwa njano iliyofifia na inanata kidogo. Hiyo ni kazi ya jua, joto na ozoni ya hewani, ambavyo hula mpira wa asili polepole hadi unapoteza unyumbufu. Chembe za mchanga zikipenya katikati ya kitambaa na mrija husugua kila mpira unaporefuka na kurudi, na kwa jinsi ninavyoufahamu mchanga wa Dodoma, zitapenya. Mpira ulioachwa umejaa maji juani kutwa nzima huzeeka haraka kuliko ule unaotolewa maji na kuwekwa kivulini. Ukitunzwa vizuri unaweza kukufikisha mwaka mmoja au miwili. Ukiachwa nje hauna muda mrefu. Mpira wa kawaida wa plastiki wenye nyuzi ndani huvumilia uzembe wa miaka mingi.

Sasa huo wa brasi wenye tabaka nne. Brasi ni ya vishikizo vya ncha, na kwa kweli ni bora kuliko plastiki, ambayo hupata ufa ukiikaza sana au ukiiangusha sakafuni. Ila angalia isiwe aluminiamu iliyopakwa rangi ya dhahabu, kwa sababu aluminiamu ikikaa na koki ya brasi huliwa na kung'ang'ania, na kwa watu wa pwani, penye hewa ya chumvi, inaweza ikakataa kufunguka kabisa. Tabaka nyingi za mrija huongeza uimara, lakini fikiri vizuri: mrija mnene ni mgumu zaidi kuutanua. Kwa presha yako, huo wa gharama huenda ukarefuka pungufu ya huu ulio nao. Kuhusu namba kama 3750D ambazo wauzaji huzitaja kwa sauti kubwa, hizo ni denia, uzito wa uzi kwa gramu ukipimwa urefu wa mita 9,000. Zinakueleza unene wa uzi wa kitambaa cha nje tu. Mrija, ambao ndio hupasuka, haumo katika namba hiyo. Na kama wako unavuja pale kwenye koki, chunguza nyuzi za kufungia, yaani ile mizunguko kama ya skrubu kwenye kishikizo: zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina nyuzi 11 na nusu kwa inchi, ilhali koki zetu za robo tatu ya inchi zina 14, na hata ukaze kwa nguvu gani hazitakaa sawa mpaka upate kiunganishi cha katikati.

Kabla ya kufikia la kufanya, nizungumzie ule unyonge wa maji, kwa sababu ni tatizo la pili, tofauti na la urefu. Kwenye presha ndogo, upana wa njia ya maji ndiyo kila kitu. Mrija wa mpira wako ukiwa haujatanuka ni mwembamba sana, na vishikizo vyake vina tundu dogo zaidi. Linganisha na mipira ya kawaida: kwa kimo chako cha mita 4, mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 20 hutoa kama lita 10 kwa dakika, na wa robo tatu, kwa urefu huo huo na tangi hilo hilo, hutoa karibu mara tatu ya hapo, ikiwa bomba linaloshuka kutoka tangini nalo si jembamba. Maana yake ni ndoo ya lita 20 kwa dakika 2, au kwa chini ya dakika moja. Katika nyumba yenye tangi la kuteremsha, hakuna pesa ya bustani inayotumika vizuri kuliko ile tofauti ya bei kati ya mpira wa nusu inchi na wa robo tatu.

Lakini mgongo wako ni sababu ya kweli, na sitaki kuupita kana kwamba hukuutaja. Mpira wa robo tatu wa mita 20, wenye nyuzi ndani, una uzito wa kilo 5 hivi ukiwa mkavu, na ukijaa maji unazidi kilo 10. Wa kurefuka ni mwepesi mno ukiwa mkavu, ingawa nao ukirefuka mita 30 huwa umebeba maji ya kilo 4 hivi, jambo ambalo tangazo halionyeshi kwa sababu anayeubeba kwenye video huwa ameukausha. Kwa hiyo faida ya wepesi ipo, ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na kwako haipatikani kabisa bila pampu.

Ushauri wangu ni usitafute mpira mwepesi wa kuvuka uwanja; usogeze koki. Fundi bomba achimbe mtaro wa kina cha jembe moja, alaze bomba la plastiki la inchi moja kutoka kwenye mstari wa tangi hadi katikati ya bustani, na aweke koki mbili huko. Kutoka hapo utahitaji mpira wa mita 5 au 6 tu, wa robo tatu, ambao hata ukijaa maji hauzidi kilo 3 na nusu, na hutauburuta bali utaugeuza ulipo. Kwa kuwa bomba la inchi moja ni pana, hupotezi presha nyingi njiani. Gharama kubwa hapo ni siku moja ya kazi ya fundi, na bomba lililofukiwa litakaa kuliko mipira yote ambayo ungenunua.

Kama sehemu kubwa ya bustani ni matuta ya mboga, fikiria pia mipira ya matone, ile yenye matundu madogo yanayodondosha maji polepole kwenye mimea. Ipo ya kutumia presha ndogo sana. Hata ndoo iliyoinuliwa mita 1 huweza kuendesha tuta dogo, na wewe una mita 4. Unafungua koki, unakaa, maji yanaingia mizizini, mgongo haujainama. Inahitaji chujio mwanzoni, kwani matundu yake huziba kwa uchafu wa tangi, na hilo chujio ulioshe mara kwa mara. Kwa maua yaliyotawanyika haifai sana.

Pampu nayo ni njia, na ndiyo pekee itakayoufanya mpira ulionunua ufanye kilichoahidiwa. Pampu ya nusu hospawa yatosha kwa bustani. Soma kibao chake: penye H max, yaani kimo cha juu kabisa ambacho pampu huweza kupandisha maji, pakiandikwa mita 30, hiyo ni sawa na baa 3, lakini ni wakati maji hayatoki kabisa, yakianza kutoka presha hushuka, kwa hiyo chagua yenye namba kubwa kuliko unayoihitaji. Ifungwe ikivuta maji kutoka tangini, kamwe isivute kutoka kwenye bomba la mamlaka, kwa kuwa mamlaka za maji hukataza jambo hilo, na pampu huvuta pia uchafu kupitia kila mahali bomba linapovuja. Kasoro moja utakayokutana nayo: kama ni pampu inayojiwasha, mpira wa kurefuka ukivuja hata matone kwenye kishikizo, presha itashuka kidogo kidogo na pampu itakuwa ikiwaka na kuzima usiku kucha. Funga koki kila umalizapo, usitegemee kichwa cha kunyunyizia pekee. Mimi nisingenunua pampu kwa ajili ya mpira tu. Kama mna mpango wa pampu kwa ajili ya bafu na mashine ya kufulia, basi na bustani ifaidike humo humo.

Ukiamua kuubakiza, ufungulie maji polepole kichwa kikiwa kimefungwa, uache urefuke hadi mwisho ndipo uanze kumwagilia. Usiuburute juu ya changarawe wala kwenye miiba ya michongoma. Usiuache na maji ndani, na uuweke ndani ya nyumba penye kivuli. Usiutumie kujaza maji ya kunywa, kwa kuwa kwa kawaida haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukipasukia karibu na kishikizo, fundi anaweza kukata kipande kilichooza, kuvuta kitambaa na kufunga upya kwa klipu. Ukipasukia katikati, hakuna kiraka kitakachodumu. Na kama wewe au mtu wa nyumbani huvimba midomo au kuwashwa akivaa glavu za mpira au kupuliza puto, asiushike kabisa, kwani hiyo huweza kuwa mzio wa lateksi, na akianza kubanwa pumzi awahishwe hospitali.

Kuhusu pesa yako: mwandikie muuzaji, kwa maandishi, kwamba tangazo lake lilitaja mita 30 bila kutaja presha inayohitajika, kwamba kwenye maji ya tangi mpira umefika mita 12, na kwamba unataka kurudishiwa pesa wala hutaki kubadilishiwa. Ambatanisha picha ya boksi na video fupi ya mpira ukiwa umefunguliwa maji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matangazo ya kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hii. Mara nyingi kuitaja tu katika barua humfanya muuzaji awe mwepesi zaidi wa kuelewana.

Yapo mawili ambayo sitaki uyaamue kwa maandishi yangu. La kwanza ni kuongeza kimo cha mnara, ikiwa fundi atakushawishi. Lita 2,000 ni tani 2 za maji, na mnara uliojengwa kubeba uzito huo kwa mita 3 si lazima uweze kuubeba kwa mita 6. Aje mtu wa ujenzi aukague msingi na nguzo kwa macho yake kabla hamjaongeza tofali moja. La pili ni kama hata koki za ndani ya nyumba nazo hutoa maji kwa unyonge. Kwa mita 4 za kimo, koki ya chini isiyo na mpira inapaswa kujaza ndoo bila kukuchosha kusubiri. Ikichukua dakika kadhaa, kuna valvu iliyofungwa nusu, chujio lililoziba au bomba jembamba mahali fulani kati ya tangi na koki, na hilo fundi bomba atalipata kwa kufungua sehemu moja baada ya nyingine akianzia tangini. Mwite kwa hilo kwanza, kabla ya kuchimba mtaro.